Koromo la Paka Wangu Kazini

Ninaishi na paka wawili wanaokoroma. Watu wakisikia hivyo hudhani natia chumvi, mpaka waje kunitembelea hapa mtaa wa Albert Park, ghorofa ya saba, wakae kwenye kochi na kuanza kutupia macho mlango wa chumbani. Jirani yangu wa zamani, mama wa Kikongo anayesuka nywele mjini, aliniuliza siku ya kwanza, "Dada, bwana yako iko nalala saa hii? Eish, huyu amechoka!" Sina bwana. Nina paka.

Wa kwanza ni mzee, mnene, na koromo lake linapanda na kushuka. Katikati hukata kabisa, mpaka ninyanyuke kwenda kumtazama kama bado yupo. Wa pili ni wa jirani huyohuyo. Alipohamia mtaa wa Sydenham, mwenye nyumba alimkatalia paka, akaniomba nimtunzie kwa wiki mbili. Huu ni mwaka wa tatu. Pua yake ni bapa, imebonyea ndani, na akilala anatoa sauti ya birika linalokaribia kuchemka. Daktari wa mifugo aliwapima wote akasema hawaumwi, ila yule mnene apunguziwe chakula. Nilimpunguzia. Akahamia kwenye bakuli la mwenzake.

Ningewavumilia bila kinyongo kama wangelala usiku tu, lakini wao zamu yao ni mchana, saa zangu za kazi. Mimi ni mkalimani wa simu. Muuguzi na mgonjwa wako zahanati, simu iko mezani kwao kwa sauti kubwa, nami niko nyumbani nageuza Kiingereza kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kiingereza. Sharti letu ni kutoongeza wala kupunguza. Mgonjwa akisema "naumwa", nami nasema "naumwa". Akimtukana daktari, namtukana daktari vilevile.

Mwaka jana kulitokea malalamiko kwamba mkalimani alikuwa amelala kwenye simu. Nilimweleza msimamizi kuwa ni paka. Akasema malalamiko ya namna hiyo yakija tena, hawatanipigia. Niliogopa sana, maana kazi hii ndiyo inayoniweka mjini. Nikajaribu kuwafungia paka bafuni. Wakalia kama watoto wanaoachishwa ziwa. Basi nikawa nafunga madirisha kuzuia honi za taxi, nawaacha wamelala kitandani, na narudishia mlango wa chumbani, ambao komeo lake halishiki.

Jumanne moja mchana nikaunganishwa na bibi mmoja aliyetoka Uvira. Sitamtaja, wala zahanati yake. Presha yake ilikuwa haishuki, na muuguzi, dada wa Kizulu mwenye sauti ya upole, alisema hii ni mara ya tatu anamuuliza swali lilelile: "Gogo, unalala vizuri?" Gogo kwa Kizulu ni bibi, nami nikasema, "Bibi, unalala vizuri?"

"Niko bien," akajibu bibi kwa mkato, yaani hajambo. Muuguzi alishusha pumzi. Akauliza kwa njia nyingine, akapata bien nyingine.

Hapo yule mnene akausukuma mlango kwa kichwa, akaja, akapanda kochini kando yangu, na kabla sijamaliza sentensi alikuwa kalala fofofo. Akaanza.

Nilifunika simu kwa kiganja, nikiwa nimechelewa. Kisha bibi akasema, "Huyu ananiitaka gogo. Lakini gogo si mimi. Gogo njo ule mwenye analala hapo kwa telefone!"

Mtu aliyezidiwa na usingizi tunasema amelala kama gogo, na gogo lenyewe lilikuwa mimi. Ningeweza kuyameza maneno yale na muuguzi asijue chochote. Wallahi nilitaka kuyameza. Lakini sharti ni sharti, nikayageuza yote, mpaka na maana ya gogo kwetu.

"Mkalimani, umelala?" akauliza muuguzi.

"Mkalimani anasema hajalala," nikajibu, maana tukijisemea wenyewe hujiita mkalimani, tusichanganywe na mgonjwa. "Ni paka wake." Nikamgeuzia bibi na hilo pia.

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Bwana yangu alikuwaka nakoroma hivi hivi," akasema. "Miaka makumi ine. Nilikuwaka namupiga na kiwiko." Sauti ikashuka. "Tangu alikufa, usingizi ilienda naye. Nyumba iko kimya sana."

Nikasema kwa Kiingereza kwamba mume wangu alikuwa anakoroma hivihivi, na kwamba tangu afe silali. Mimi nisiye na mume nikayasema hayo kama yangu. Nilimhurumia bibi yule, na nilijichukia kwa kujali kazi yangu tu dakika ile.

Nikanyoosha mkono kumwondoa paka. Bibi lazima alisikia kochi likilia. "Mwache, usimuamshe," akasema. Nikageuza: asiamshwe. Nilisikia muuguzi anaandika, anaandika kwa muda mrefu. Alipomaliza akauliza tangu lini hasa usingizi ulipotea. Nikamuuliza bibi. Hakujibu. Nikarudia. Hakujibu tena.

Chini ya koromo la paka nikasikia jingine, jembamba. Nikageuka kumtafuta yule wa pua bapa. Alikuwa dirishani, yuko macho kabisa, anajilamba mguu.

"Mkalimani," muuguzi akanong'ona, nami nikajua malalamiko yenyewe ndiyo hayo yanakuja. "Gogo amelala. Tafadhali usikate. Sogeza simu karibu na paka."