Blanketi Ndani ya Ndoo Tatu

Siku zile ungeingia kambi ya jeshi iliyo karibu na Bwera na kuulizia nyumba ya Koplo Lokwang, ungeambiwa utafute ile isiyo na kitu ukutani. Wake wengine wa askari hutundika kalenda na picha za harusi. Mke wa Lokwang, Ayaa, alipigilia msumari mmoja tu, wa taulo. Katika miaka kumi na mitatu ya ndoa alikuwa amehamishwa mara sita, na kila mara alipewa siku mbili za kufunga mizigo, pengine moja. Alishajua kwamba kinachotundikwa ndicho kinachosahaulika.

Jambo moja tu lilimkosesha raha: blanketi la mama yake. Mama aliishi mbali kaskazini, upande wa Kitgum, na uzee ulikuwa umemletea baridi ya miguu ambayo hata moto haukuiondoa. Ayaa alimwahidi blanketi la kufuma kwa mkono mwaka ule alioolewa. La kwanza alilianza Moroto, likiwa kipande kimoja kikubwa. Uhamisho ulipokuja mvua ilikuwa ikinyesha, likapakiwa chini ya gunia la makaa, likafika limeoza upande. La pili lilifika nusu Mbarara, na uzi ukaisha. Alikohamia hakuipata rangi ile tena. Kila mama alipopiga simu aliuliza kama kondoo wa kutoa hiyo sufu ameshazaliwa. Ayaa alicheka tu.

Bwera ndipo alipokutana na Wivine, mwanamke wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyekimbilia upande huu na kuweka meza ya nyuzi sokoni. Wivine alifuma huku akiuza, huku akigombana na wateja, huku akisali. Siku ya kwanza alikitazama kikapu cha Ayaa, nyuzi zote zimeviringana humo kama matumbo ya mbuzi, akauliza huyu mnyama amechinjwa na nani.

Akamfundisha. Uzi wote wa kazi moja ununuliwe siku moja, na namba iliyo kwenye karatasi ya kila donge ilingane, kwa sababu rangi inayoonekana moja dukani huwa mbili juani. Donge livutwe kutoka katikati, likae ndani ya kidumu kilichokatwa, uzi utokee mdomoni, lisiviringike sakafuni. Ayaa alikuwa na sindano tatu za kroshe ambazo Lokwang alimchongea kwa spoki za baiskeli, kila moja na unene wake. Wivine akafunga uzi mwekundu kwenye moja, akamwambia hiyo ndiyo mume wa kazi hii, nyingine asizishike hadi mwisho. Pini ya nepi ichomekwe pale mzunguko unapoanzia, ili mtoto akikuita usirudi kuhesabu upya. Na ncha za nyuzi zifichwe kila kipande kinapoisha, zisisubiri mwisho, maana mwisho mtu huwa amechoka.

Muhimu kuliko yote, aache kufuma kitu kimoja kikubwa. Afume miraba midogo, mia na ishirini, kumi kwa kumi na mbili, kila mmoja akiulinganisha na kadi aliyoikata kwenye boksi la sabuni. Hilo Ayaa alilielewa kuliko Wivine mwenyewe. Miraba inapakika. Alitafuta ndoo tatu zenye vifuniko, zile za mafuta ya kupikia, akawa anafunga miraba kumi kumi kwa utepe na kuipanga ndani. Daftari la zamani la binti yake, Immy, likawa la kuandikia: mraba wa ngapi, rangi gani, ndoo ipi. Kwa mara ya kwanza kazi yake ilikuwa na mahali pake, naye akaanza kumwambia mama kwenye simu kwamba safari hii kondoo amezaliwa, tena anatembea.

Mahali pamoja tu hawakukubaliana. Wivine alitaka kila mstari wa miraba kumi ukikamilika uunganishwe na mstari wa kabla yake. Ayaa hakutaka.

"Mama Immy," Wivine alimwambia siku moja kwa Kiswahili cha kwao, akiikagua ndoo ya pili, "bipande biko bizuri. Lakini blanketi iko wapi?"

"Iko ndani hapo."

"Hapana. Ndani hapa beko batoto bila mama. Siku tulikimbia, ile kitu yenye ilikuwa inashikamana niliifunga ku mugongo. Ya bipande ilibakia ku nyumba."

"Wewe ulikimbia na miguu," Ayaa akamjibu. "Sisi tunakimbizwa na lori."

Wivine alicheka hadi akaangusha sindano. Lakini hakubadili neno lake, wala Ayaa hakubadili lake.

Mraba wa mia na ishirini uliisha Alhamisi moja, mwezi wa tano. Kuunganisha kungemchukua wiki mbili. Alikuwa ameshakata uzi wa kuunganishia, akauweka ndani ya ndoo ya kwanza, juu kabisa. Lakini wiki hiyohiyo ilisemekana kambini kwamba kuna orodha ya uhamisho. Ayaa akafanya alichofunzwa na miaka kumi na mitatu: akangoja. Blanketi zima lingemlazimu kutafuta gunia, na gunia huwekwa chini ya makaa. Akiunganisha huko aendako, atalituma likiwa safi. Wiki moja ikawa mbili, mbili zikawa sita, na orodha haikusomwa. Kila siku alifungua vifuniko, akahesabu mafungu kumi na mawili, akafunga.

Mama alipopiga, Ayaa alimwambia limekwisha. Hakuona kwamba amedanganya. Mama alishukuru, akasema sasa atalala miguu ikiwa mbali na moto, akauliza basi gani litalileta. Ayaa akasema wiki ijayo.

Wiki hiyo ilipofika, aliyepiga ni Yonasani, kaka yake. Mama alikuwa amefariki alfajiri. Mazishi yangekuwa kesho jioni, wasingeweza kungoja zaidi.

Ayaa aliondoka asubuhi hiyohiyo na ndoo zote tatu. Kutoka Kasese hadi Kampala, na kutoka Kampala kwenda kaskazini, aliunganisha akiwa amekaa, ndoo moja katikati ya magoti. Jirani yake kitini alimuuliza anamfumia nani, akasema mama. Jirani akamwambia mama yako ana bahati. Barabara ilipokuwa mbaya sindano ilikosa tundu, akawa anafumua alichokosea. Alipofika nyumbani alikuwa na mistari miwili kamili na miraba minne ya mstari wa tatu. Aliitenganisha ile minne, akairudisha kwenye fungu lake, ukingo unyooke.

Jeneza lilikuwa bado wazi. Wazee wa kike walikipokea kile kitu kirefu chembamba, wakakigeuza, wakauliza kama ni skafu.

"Ni blanketi," Ayaa alisema.

Waliuliza lililobaki liko wapi. Akafungua vifuniko, akawaonyesha. Yonasani alichungulia ndani ya ndoo, akaona mafungu kumi yaliyobaki, kila moja na utepe wake, akatazama kando. Shangazi mmoja alisema wayamwage tu ndani ya jeneza. Ayaa akakataa, akafunga vifuniko. Walimzungushia mama vile vipande ishirini miguuni. Vilifika magotini.

Aliporudi Bwera alikwenda sokoni na ndoo zake. Wivine aliziona ndoo kabla ya kusikia habari, na habari alizisoma kwenye ndoo. Hakumkumbusha alichomwambia. Alisali kidogo, kisha akanyoosha mkono aletewe fungu moja, aanze kuunganisha yeye.

"Tufanye ya Immy," alisema. "Immy naye si anasikia baridi?"

"Ilikuwa ya mama," Ayaa alisema, akarudisha kifuniko.

Orodha ilisomwa mwezi uliofuata. Jina la Lokwang lilikuwamo, na lori lilikuja kesho yake. Majirani walikimbia huku na huku wakitafuta kamba, wakigombana juu ya masufuria. Ayaa alikuwa ameng'oa msumari wa taulo na kuketi nje kabla jua halijawa kali, mizigo yote imepangwa mbele yake, ndoo tatu juu. Afande wa usafirishaji alipita, akasimama.

"Huyu mama iko na mpango," aliwaambia wengine kwa sauti. "Nyinyi angalia yeye. Fanya kama yeye."

"Asante, afande," Ayaa alisema.

Lori lilipokata kona kwenye njia panda ya Kikorongo, masufuria ya majirani yaligongana na godoro la mtu likadondoka barabarani, ikabidi wasimame. Ndoo hazikumwaga hata kipande kimoja.