Kilio Ndani ya Shimo la Ndizi

Sipendi ndizi zivundikwe ndani ya nyumba. Harufu yake hunirudisha kwenye shimo la bibi, lile alilokuwa akivundikia ndizi za pombe nyuma ya nyumba yetu.

Ilikuwa mchana, wakati wa vita. Ndege ilinguruma juu ya migomba, na handaki la kijiji lilikuwa mbali. Bibi akatusukuma shimoni, dada yangu na mimi, akaingia juu yetu na kuvuta majani makavu yatufunike. Udongo ulikuwa bado na joto la moto aliouwasha jana kulipasha shimo kabla ya kutia ndizi. Tulibanana mpaka sikujua mguu upi ni wangu. Moyo ulikuwa ukidunda kwa nguvu.

“Bibi, moyo wako utasikika,” nikanong'ona.

“Si wangu huo. Ni wa dada yako.”

“Wangu? Hapana,” dada akasema.

Nikaanza kujitafuta mle gizani. Nikafinya mkono mmoja kwa kucha. Sikusikia maumivu, wala hakuna aliyelalamika. Hofu ya ndege ikanitoka, ikaingia nyingine kubwa zaidi, ya kutojua mimi ni yupi.

Kisha mtu akaanza kulia kwa sauti. Nilimchukia. Nikamwomba Mungu amnyamazishe kabla hatujauawa wote kwa ajili yake. Bibi akapapasa, akaniziba mdomo kwa kiganja chake, na kile kilio kikakatika.

Mpaka leo, mtoto wa jirani akilia, kabla sijauliza ana nini, nagusa kwanza mdomo wangu.