Filamu ya Wekesa

Ninaikumbuka vizuri Jumatatu moja, mwanangu, maana ndiyo siku niliyojijua kuwa mtu mwenye roho mbaya. Wakati huo mashamba yote haya yalikuwa bado ya Wazungu, nami nilikuwa nimeajiriwa katika duka la picha la Mhindi mmoja hapa Eldoret. Tulikuwa wafanyakazi wawili, mimi na Wekesa kutoka Bungoma. Mimi nilimtangulia kwa miaka mitatu. Shika hilo, kwa sababu ndilo lililoniuma.

Tulifundishwa kupiga picha jua likiwa mgongoni, ili uso wa mtu uonekane. Jumapili moja Wekesa akaazima kamera, akaenda kwenye bwawa la shamba fulani upande wa Cheptiret, ambako binamu yake alikuwa akikamua ng'ombe. Akapiga picha korongo waliosimama majini. Na aliwapiga akiwa amelielekea jua! Nilimcheka hadi mbavu zikaniuma. Lakini picha ilipokauka, kicheko kiliniishia. Ndege walikuwa weusi tii, miguu myembamba kama njiti za kiberiti, na maji na ukungu vilikuwa vya kijivu tu. Hakukuwa na rangi nyingine, na bado macho hayakutaka kuiacha. Tajiri wetu aliishika muda mrefu.

"Niletee zingine kama hii, niweke dirishani," akamwambia Wekesa. "Na safari za kupiga picha mashambani, utaenda wewe."

Safari hizo nilikuwa nimezingoja zaidi ya miaka mitatu, mwanangu. Nilimwonea wivu hadi chakula kikanishinda. Hata mluzi aliopiga akifagia ulinikera.

Jumatatu hiyo Wekesa akaingia chumba cha giza kusafisha filamu yake ya pili. Desturi yetu ilikuwa kubisha na kungoja jibu, maana mwanga ukiingia huiharibu filamu. Nilibisha. Akajibu, "Bado!" Nikaufungua mlango wazi kabisa, ndoo ya maji mkononi, kana kwamba nimekuja kumsaidia. Mwanga wa mchana ukaingia wote, na filamu ikatoka nyeusi kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tajiri alifoka, akauliza ni nani aliyeiharibu. Wekesa akasema, "Ni mimi, bwana. Sikufunga komeo." Basi safari nikapewa mimi.

Mwisho wa mwezi aliacha kazi. Akifunga mzigo wake aliniuliza polepole, "Ulinisikia nikisema bado, si ndio?"

"Sikusikia," nikasema.

Akanipa mkono, akaenda zake. Sikumwona tena. Baadaye nilikwenda bwawani mara nyingi, nikalielekea jua kama yeye, na watu wakazisifu picha zangu. Mimi sikuipenda hata moja.

Basi nisikilize. Mwenzako akikushinda, wivu utakuja, na kwa hilo sikulaumu. Wewe ni mtu. Lakini msifu kwa mdomo wako siku hiyo hiyo, hata ikikuuma. Na ukishamkosea, sema "ni mimi" akiwa bado amekushika mkono. Mimi ninalisema leo, uzeeni, tena ninakwambia wewe, na si wewe niliyekukosea.

Mungu akupe mkono mzuri wa kazi, mwanangu, na akupe moyo wa kuufurahia mkono wa mwenzako.