Mashine Inayokuacha Uongee

Mie nikiona kitu kipya chenye injini, akili hunitoka. Ndivyo nilivyo, sijui nimemrithi nani. Kwa hiyo kaka yangu aliponipigia akasema Jumamosi twende Vingunguti tukachague mashine ya shamba, ile ya kupanda juu na kuendesha huku inapulizia dawa na kumwaga mbolea, usingizi ulinipaa. Nilishinda kwenye simu naangalia video za mashine mpaka bando likaisha.

Shamba ni la mama. Liko Kigamboni ndani ndani, kule lami ilikoishia: bamia, nyanya chungu na mchicha. Mama alikuwaga anapulizia dawa kwa bomba la mgongoni na mbolea anamwaga kwa mkono, hadi bega la kulia likagoma kabisa. Daktari akamwambia bomba basi. Kaka, ambaye kwetu ndiye mwenye uwezo na ndiye mwenye wasiwasi, akakata shauri peke yake: ananunua mashine, anaajiri dereva, na mama anahamia kwake Ukonga kupumzika. Chumba kilishapakwa rangi. Mama hakukubali wala hakukataa. Alisema tu, "Na mie nakuja kuiona hiyo mashine."

Mie nilijua hataki kuhama. Alishaniambia tukiwa jikoni kwake, "Nyie mkienda kazini nibaki Ukonga naangaliana na mapazia?" Lakini kila alipojaribu kumwambia kaka, kaka alimkatiza: "Mama, umechoka wewe. Pumzika." Jamani, nilikuwa nakereka! Unamtangaziaje mtu mzima kwamba amechoka?

Basi tukafika yadi. Lo! Mashine zimepangwa, nyekundu, kijani, njano, matairi hayajawahi kuona tope. Nilitamani nizikumbatie. Muuzaji, mbaba mmoja mchangamfu, akamwamkia mama shikamoo, kisha akaanza kuzisifia.

"Hizi, mama, hakuna kubeba wala kusukuma. Zinajiendesha zenyewe."

"Zinajiendesha?" mama akauliza, uso mkavu. "Kwani zimekula nini?"

Muuzaji alicheka hadi akajishikilia kwenye tairi. Hata kaka, ambaye siku hiyo alikuja na sura ya mkutano, alicheka.

Mie nilikuwa nimeshamaliza kuchagua. Ile nyekundu! Kubwa, ina tanki la maana, na mikono yake ya kupulizia imenyooka huku na huku kama mtu anayepimwa shati kwa fundi. Nikasema hii, hii hii, tusipoteze muda. Kaka naye akaikubali. Muuzaji akaiwasha, ikanguruma, moshi ukatoka, mie nikapiga vigelegele katikati ya watu wazima. Tulipogeuka, mama alishakunja dera lake na mguu mmoja uko juu.

"Mama, ya nini kupanda? Tutaweka dereva," kaka akapaza sauti.

Mama alishakaa. "Wewe baba, hebu kasimame pale getini," akamwambia mwanawe.

Kaka akaenda. Injini inanguruma, mama akasema kitu. Tuliona midomo tu inacheza. Kaka akaweka mkono sikioni. "Ati? Sisikii, mama!"

Mama akamwonyesha muuzaji azime. "Hii hapana," akasema.

Weee! Nilitaka kulia. Muuzaji akajitetea kwamba ile ndiyo yenye nguvu kuliko zote pale. Mama akamweleza kwa upole kwamba shamba lake limepakana na la shoga yake. Mmoja yuko na matembele yake, mwingine na bamia zake, na kutwa wanaongea. "Harusi, misiba, nani kaachika, yote nayapatia pale. Sasa nikipanda dude hili tutaongea kwa ishara?"

Kaka alisogea karibu, nadhani lile neno "nikipanda" lilimgusa, kisha akarudi getini.

Tukaenda ya kijani. Kelele. "Ati?" Ya njano ndiyo balaa, mpaka mafundi wa karakana ya jirani wakatoka kutazama. "Ati, mama?" Mie nazunguka zunguka tu, moyo wangu umebaki kwenye ile nyekundu.

Pembeni kabisa kulikuwa na kimashine cha kijivu, kibaya cha sura, cha betri. Muuzaji hakutuonyesha mapema kwa sababu wateja wake wanapenda nguvu. Kina tanki dogo, na nyuma unaweza kufunga pipa la mbolea lenye sahani ya kuzunguka inayorusha punje. Nilikidharau waziwazi. Mama akapanda, muuzaji akabonyeza.

"Mbona haijawaka?"

"Imewaka, mama. Sukuma hicho kishikio."

Akasukuma. Ikaenda! Wallahi nilipiga ukelele. Mama yangu huyo anakata yadi, maji yanatoka kama manyunyu kulia na kushoto, dera limelowa, anacheka kicheko ambacho tangu bega liugue sikuwa nimekisikia. Mafundi wakapiga makofi. Nikamkimbilia nyuma kama kichaa, nalowa, sijali. Ile nyekundu niliisahau palepale.

Akasimama upande wa mbali, mashine bado inafanya kazi, maji bado yanatoka. Kaka yuko getini. Mama hakupaza sauti. Aliongea vilevile kama anavyoongea jikoni.

"Baba, Ukonga siendi."

Yadi nzima ikasikia. Nikaacha kurukaruka.

"Kwa chumba nimeshukuru sana, nitakuja kulala sikukuu. Lakini mie sijachoka, mwanangu. Bega ndilo lililochoka."

Safari hii kaka hakusema "Ati?" Alisimama pale na funguo zake mkononi, nami sikujua atajibu nini, na nilikuwa tayari kugombana naye mbele za watu. Akaja taratibu hadi kwenye mashine. Akatazama ndala za mama zinavyoning'inia, hazifiki pa kukanyagia. Kisha akamgeukia muuzaji.

"Hiki kiti hakishuki kidogo?" akauliza. "Mama yangu mfupi."