Matete Mbele ya Kaburi la Willis

Phelesia wa Rusinga hakuwa mtu wa kuogopa maji. Alizaliwa Takawiri, kisiwa ambacho ukitoka nje mara mbili umeshafika ziwani, na maisha yake yote ziwa lilikuwa jirani tu, la kulalamikiwa asubuhi na kusamehewa jioni. Lakini lilipofura mwaka ule na kuanza kung'ata ukingo wa boma lake la Rusinga, alilitazama kwa jicho baya. Upande huo wa maji ndipo alipozikwa mume wake, Willis, na kila mwaka mawimbi yalikuwa yakimega mita mbili za udongo.

Majirani walikwenda kulalamika kwa chifu. Phelesia alishika panga. Alipanda mashina mia moja ya matete kwenye ukingo, akianzia upande wa kijito na kuelekea kaburini, maana mizizi ya matete ikishikana, udongo nao hushikika. Ukingo wote ulitaka mashina mia mbili; yaliyobaki yangepatikana kwa kugawa matete kila mwaka mvua ikianza. Watu walimcheka kidogo, si kwa ubaya, kwamba bibi anajenga ukuta wa nyasi kuzuia ziwa zima. Yeye aliwajibu kuwa marehemu hakuwahi kujua kuogelea, na hana nguvu za kumfundisha sasa.

Mwanawe wa pekee, Maurice, alikuwa na kazi Migori ya kupima mashamba ya miwa. Ni kijana mwenye moyo, ila hawezi kukaa mahali bila kupima kitu. Alipokuja Pasaka, mwaka mmoja baada ya matete kupandwa, alivuta utepe wake kutoka majini hadi kaburini, akapata mita nane. Kwa mita mbili kila mwaka, hiyo ilikuwa miaka minne. Kisha akahesabu matete: mia moja na kumi na tano. Yameongezeka kwa asilimia kumi na tano, akajisemea, na akaongeza kumi na tano nyingine kwa kila mwaka uliobaki. Jumla ilikuja mia moja na sabini na tano. Mashina ishirini na matano yangepungua, na pengo lenyewe lingebaki mbele ya kaburi hasa.

Alikwenda kwanza kwa baba zake wadogo. Kwa watu wa huko, mtu aliyezikwa bomani mwake hafukuliwi hivi hivi. Ni kuuita ukoo mzima na kulia upya. Wazee walikaa, wakasikitika, wakakubali: Jumamosi Willis atolewe, azikwe upya huko juu kwenye mawe, na Phelesia ahamie Migori kwa mwanawe.

Phelesia alipoambiwa, hakugomba. Aliuliza tu kama Maurice ana hakika. Maurice akampitisha kwenye hesabu ile polepole, mwaka kwa mwaka, huku machozi yanamlenga, kwa sababu hata yeye alikuwa anakwenda kumzika baba yake mara ya pili. Mama akasema sawa. Neno hilo lilimtoka kama jino.

Ijumaa asubuhi mvua ilikuwa imeanza, na hiyo ndiyo saa ya kugawa matete. Phelesia akasema watayagawa ya mwaka huu hata kama hayana kazi tena, maana hakutaka kuyaaga kwa mikono mitupu. Walishuka pamoja ukingoni. Maurice alichimba kwa bidii, akipita kwenye mashina ya kwanza, na kila alipofika kwenye machanga aliyaruka.

"Na hizi za mwaka jana, mbona unaziruka?" mama yake akauliza.

"Hizo bado ni watoto, Mama. Mbegu si inatoka kwa zile za kwanza?"

"Hiyo ni miwa yenu ya Migori, yenye iko na shamba lake la mbegu. Matete haiulizi umri, nyathina, mtoto wangu. Yenye imeshiba, inagawanywa."

Maurice akasimama, jembe mkononi. Akauliza kama hata mwaka ujao atagawa yatakayopandwa leo. Mama akamshangaa, sasa ayaache kwa nini?

Kijana akachuchumaa na kuchora matopeni kwa kijiti. Ile asilimia kumi na tano haikuwa ya mia ya kwanza, ilikuwa ya yote yaliyopo kila mwaka, wazazi na watoto wao. Mia na kumi na tano ingekuwa mia na thelathini na mbili. Hiyo ilizidi hesabu yake kwa mashina mawili tu, kitu cha kupuuzwa. Lakini mwaka wa pili ilikuja mia na hamsini na mbili, wa tatu mia na sabini na tano, na wa nne mia mbili na moja. Akarudia tangu mwanzo. Ikaja ileile.

"Mama," akasema, "nilikuwa nakwenda kumfukua Baba kwa kosa la kujumlisha."

Akalia pale pale matopeni, mwanamume mzima. Phelesia akamshika kichwa kama alipokuwa mdogo, akamwambia wazee watakuja Jumamosi vilevile, ila watakuja kula samaki. Maurice alipoondoka, mama alimfungia mashina mawili kwenye gunia akayapande Migori. Maurice akalalamika kwamba anaharibu hesabu. Mama akasema nyumba isiyo na kitu cha kwao inamtia baridi.

Miaka minne ikapita. Matete yalikwenda karibu sawa na vile kijiti cha matopeni kilivyosema, ila hakuna kijiti kilichowahesabu viboko. Wiki moja kabla ya mvua walipita na kukanyaga manne, yale ya mwisho, mbele ya Willis. Phelesia hakuwa na mengine yaliyoshiba. Alimpigia Maurice simu, na kwa mara ya kwanza katika mambo haya yote akamwomba aje.

Maurice alifika kesho yake na gunia lile lile. Ndani mlikuwa na mashina manne, mabichi, yana udongo mweusi wa Migori.

"Haya umetoa wapi?"

"Ni yako, Mama. Ni watoto wa yale mawili."

Phelesia aliyapanda yote kwa mkono wake, akimkatalia mwanawe jembe. Alipomaliza aliketi kando ya kaburi, miguu imejaa tope, akamwambia Willis kwamba mtoto amekuja, na hakuja peke yake.