Mchungaji aliyefukuzwa kwa neno moja

Saa tatu asubuhi, uani kwa mzee Hamidu mjini Mbamba Bay, Mchungaji Mansuetus Ndunguru anakata kucha. Amekaa mkekani, mguu wa mgonjwa ameupakata pajani, na mkononi ana kikata kucha alichokichemsha mwenyewe jikoni.

"Kidole hicho taratibu," anaonya mzee Hamidu. "Ndicho nitakachokupigia teke ukianza kuhubiri."

"Leo sijahubiri, mzee."

"Ndiyo maana bado uko salama."

Wanacheka. Ukiwaona hivi huwezi kuamini kwamba Machi mwaka huu mzee huyu wa miaka sabini na moja, muuza vitenge, alimtimua mchungaji huyu mbele ya majirani.

Mansuetus, mwenye miaka hamsini na nne, anaongoza kanisa dogo la Kibaptisti mjini Mbinga. Alizaliwa Matiri, kwa wakulima wa kahawa Wakatoliki. Alipobatizwa upya mtoni akiwa kijana, mama yake hakumsemesha mwaka mzima.

"Chakula alikuwa ananiwekea, lakini neno hatoi," anakumbuka. "Nami nikawa nakaa naye hivyo hivyo jikoni. Hapo nilijifunza kukaa na mtu bila kuongea."

Sasa ndiyo kazi yake. Siku tatu kwa wiki hufuatana na muuguzi Vitalia Kapinga kuwatembelea nyumbani wagonjwa ambao hawatarajiwi kupona. Vitalia hubeba mofini ya maji ya kutuliza maumivu. Mchungaji hukata kucha, husoma barua, husikiliza, na husali akiombwa. Wagonjwa wao ni arobaini na sita, kuanzia milima ya Matiri hadi ziwani. Mshahara wa kazi hiyo hana. Familia yake inakula jasho la shamba la mahindi na kahawa.

Kilichomponza ni kadi. Huduma hiyo kitaalamu huitwa tiba shufaa, na maneno hayo yameandikwa kwa herufi kubwa juu ya kadi ya kila mgonjwa. Kwa Mansuetus yalikuwa maneno ya semina tu. Kwa Mwislamu kama mzee Hamidu, shufaa ni maombezi ya Siku ya Kiyama.

Mzee aliisoma kadi, akauliza, "Shufaa hii ataniombea nani?"

"Mimi hapa, mzee!" Mansuetus alijibu kwa bashasha, akidhani anaulizwa habari za sala.

"Nikasema hawa wameshanivusha," anasimulia mzee Hamidu. "Pumzi ningali nazo, wananipeleka Kiyama, tena wakili wangu Mbaptisti! Nikamwambia atoke."

Kadi ikatoka, na dawa ikatoka nayo. Kwa wiki tano saratani ya tezi dume iliyokwishafika kwenye mifupa ilimtesa mzee vibaya sana. Mkewe, Safina, anasema alikuwa anauma shuka ili wajukuu wasimsikie akilia.

"Zile wiki tano ni zangu," anasema Mansuetus. "Usiusingizie ugonjwa. Mdomo wangu ulitangulia."

Safina ndiye aliyemfafanulia Vitalia jinsi mumewe alivyolielewa neno shufaa, walipokutana sokoni. Kesho yake mchungaji alisimama nje ya mlango uleule, akapaza sauti:

"Shikamoo, mzee! Shufaa ya Kiyama siyo yangu, mimi hata ya kwangu sijui itakuwaje. Hii yetu ni ya maumivu tu. Nisamehe."

Kwa ndani kukasikika kicheko, kisha kitasa. Baada ya siku mbili za dawa mzee alikuwa amekaa dukani, anabishana bei na mteja.

Lakini neno halijaacha kufunga milango. Huko Liuli, mama Mwanahawa, muuza dagaa mwenye saratani ya titi, amerudisha kadi. Safari hii Mansuetus alieleza kila kitu kwa makini, akajibiwa, "Mchungaji, wewe ndiye wa kunifundisha mimi shufaa?" Wiki ya pili sasa yuko ndani bila dawa. Hata shehe wa kumweleza, mama huyo hataki aitwe. Anasema akimwona shehe atajua mwisho umefika.

Mzee Hamidu aliposikia akasema atakwenda mwenyewe. Mchungaji alimshauri apige simu, akakataa katakata.

"Kwenye simu nitakuwa sauti tu," anasema. "Anione nilivyokonda. Halafu anione nacheka. Ataelewa dawa inafanya nini."

Tatizo ni siku. Leo ni Jumanne, na gari la huduma linakwenda Liuli Alhamisi. Tangu Jumapili mzee anakunywa uji vijiko vichache tu. Vitalia hafichi: kila siku sasa ni ya kubahatisha. Hata hivyo godoro la kumlaza garini limeshatafutwa, na Safina amepiga pasi kanzu.

Mansuetus anakunja mkeka. Waumini wake humuuliza kama anamwombea mzee uponyaji, naye huwa anakwepa swali. Leo halikwepi.

"Nimeshazika wengi, siwezi kuomba mwaka," anasema. "Ninaomba Alhamisi. Mungu anipe Alhamisi tu, yule mama naye apate usingizi."

Mzee Hamidu, ambaye tangu kucha zilipokwisha alidhaniwa amelala, anaitikia bila kufumbua macho: "Amina."