Seva na Migebuka ya Mkuu

Leo ilikuwa zamu yangu kusimama mbele ya darasa kueleza kazi yangu ya kompyuta, na tangu asubuhi nilikuwa nikitafuta kisingizio. Kazi zetu zote zinakaa kwenye seva, ile kompyuta kubwa iliyoko stoo ya walimu. Kompyuta za darasani zikiwashwa huanza kwa kuitafuta. Leo ziliitafuta mpaka zikaganda. Mwalimu akazima, akawasha, akakagua nyaya. Mimi naomba kimoyomoyo zisiipate.

"Wewe mkimya, hebu kaangalie stoo," akaniambia.

Nikakuta seva imechomolewa, na kwenye soketi yake limechomekwa friji. Mpishi wa shule, niliyemkuta humo, akaniambia ndani kuna samaki, migebuka ya mkuu wa shule, ya wageni wake wa jioni. Nikarudi nikasema.

"Sasa si ungelichomoa hilo friji?" akauliza mwalimu.

"La mkuu, mwalimu?"

Darasa likacheka. "Nenda wewe basi, ticha," mtu wa nyuma akanong'ona.

Mwalimu akajikuna kichwa, akakaa, akaziondolea kompyuta zote amri ya kuisubiri seva. Zikawaka hapo hapo, bila kazi zetu.

"Utaeleza kesho," akaniambia, "migebuka ikishaliwa."

Nawaombea wageni washibe haraka, ibaki mingine ya kulala frijini.